Mikoba ya Diisii

S.L.P. 418, Bungoma
9 Februari 2003

Kwa mpwa wangu Joy,

Salamu nyingi kutoka hapa Kibabii. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kazini. Sisi hatujambo. Nikisema sisi, tangu mke wangu Mama Mukhisa alipotuacha mwaka juzi, nina maana mimi, mbuzi wanne na redio. Binamu yako Mukhisa alikuja Krismasi kutoka Nairobi akaniletea simu ya mkononi. Nimeiweka kabatini isipate vumbi. Ndiyo maana nakuandikia.

Sasa jambo lenyewe. Unaikumbuka pikipiki yangu. Watu wa hapa huiita Diisii, kwa sababu ikitokea barabarani kila mtu husimama kando na kuku hukimbia, kama zamani mkuu wa wilaya alipokuwa akija. Iliundwa Uingereza mwaka wa 1957. Niliipata kwa mzungu wa Endebess aliyekuwa akirudi kwao, nikazunguka nayo miaka ishirini na minane nikiwa bwana shamba, nikifundisha watu kupanda mahindi kwa mistari. Tangu nistaafu imekaa chini ya turubai. Mwezi uliopita niliifunua, nikaipaka grisi, na nilipoipiga teke mara ya saba ikawaka. Mbuzi mmoja hajarudi hadi leo.

Kinachokosekana ni mikoba. Ile ya zamani imeliwa na panya. Nataka mikoba miwili ya ngozi ya kuning'inia ubavuni, huku mmoja na huku mmoja, kama ile walowezi waliyofunga kwenye farasi. Bungoma nzima nimetafuta, naonyeshwa ya plastiki yenye picha ya tai. Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kuonekana na tai. Nasikia hapo Kitale, karibu na msikiti, bado yuko fundi Shafi aliyekuwa akishona matandiko ya farasi. Tafadhali muone.

Unaweza kuuliza ninasafiri kwenda wapi. Ni safari ndogo ya mstaafu, kuangalia nchi.

Neno la mwisho: mama yako asijue. Si kwamba kuna ubaya. Ni kwamba hahitaji kusumbuliwa na habari za mikoba.

Ni mimi khocha wako, kaka pekee wa mama yako, iwapo amesahau kukutajia,
Levi Wepukhulu


Kitale
2 Machi 2003

Khocha mpendwa,

Nimefurahi sana kupata barua yako. Ilikuja kwenye sanduku la duka letu la mbolea pamoja na karatasi za dawa ya kupe, na mdosi wangu Munene akaigeuza bahasha mara tatu akiuliza ni nani siku hizi bado ana mwandiko kama huo. Pole kwa mbuzi.

Hapa hatujambo. Mama ni mzima, ila haonekani. Tangu serikali mpya iseme shule ya msingi ni bure, ni kama kila mtoto wa Kitale anataka sare wiki hii hii, na cherehani zake mbili hazipoi. Hajui lolote kuhusu barua yako. Niliisoma kwa sauti jikoni, yeye akiwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wetu ni wa mbao, lakini hajui.

Mzee Shafi nimempata. Miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu. Nikamwambia, "Mzee, khocha wangu anataka mikoba ya pikipiki ya zamani."

"Ekzosi iko upande gani?"

"Sijui."

"Atabeba nini?"

"Sijui."

Akavua miwani. "Binti, wewe ulitumwa ama ulipotea?"

Anasema hawezi kukata ngozi bila kujua. Ngozi ni nzuri na ina heshima, lakini hunywa mvua ikawa nzito kama mtu aliyelala. Turubai ni jepesi, lakini likilegea linashikwa na spoki na wewe unaenda shimoni. Masanduku ya bati yanadumu, lakini yanapiga kelele na siku ukianguka yanakukata mguu. Kwa hivyo anauliza: ni kitu gani, kina uzito gani, kinavunjika, kinaogopa maji? Ukimjibu hayo ataanza.

Halafu, tulipokuwa tunakula, mtu mmoja wa nyumba hii, ambaye hajui chochote, alisema hewani tu, "Ngozi ikikaa juu ya ekzosi itaiva kama mutura kwenye makaa." Akaendelea na sima yake.

Mpwa wako,
Joy Nabwile


S.L.P. 418, Bungoma
19 Machi 2003

Kwa mpwa wangu Joy,

Nimepokea barua yako kwa shukrani. Mvua imeanza hapa na nimepanda, kwa mistari. Mbuzi amepatikana kwa jirani, amenona, hataki kurudi.

Mwambie Fundi Shafi ekzosi iko kulia. Na huyo mtu asiyejua chochote, ukimwona, mwambie habari ya ekzosi niliijua zamani sana. Mwaka wa sitini na tano nilimpeleka shule ya bweni kwa pikipiki hii hii, sanduku lake la bati akilishika kichwani kwa mikono miwili, kutoka hapa mpaka Kamukuywa, na hakuanguka. Mikoba wakati huo haikuhitajika. Shingo yake ilitosha.

Vipimo ni hivi. Mkoba wa kushoto: urefu inchi kumi na tisa, upana inchi tisa, kimo inchi kumi na mbili na nusu. Ubebe kilo kumi na sita bila kulegea. Mkoba wa kulia wowote tu, mradi usikaribie ekzosi, nitatia humo kitu cha kusawazisha. Kitu cha kushoto hakipendi kutikiswa wala kunyeshewa.

Ni kitu cha kawaida. Usiulize tena.

Khocha wako,
Levi Wepukhulu


Kitale
25 Mei 2003

Khocha mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi miwili. Nilikuwa sijui niandike nini, na bado sijui, lakini Mzee Shafi anauliza kila nikipita.

Ile karatasi ya vipimo niliiacha mezani. Kosa ni langu. Mama akaja na sare ya mtu begani, akasoma: kumi na tisa, tisa, kumi na mbili na nusu.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya Mzee Shafi. Kuna mteja wake."

Akatoa tepu shingoni, akaivuta hewani inchi kumi na tisa, akaitazama hiyo hewa kama kuna mtu amekaa hapo. Kisha akaikunja. Wiki nne hakuniita jina langu. Aliniita "wewe".

Jumapili ya Pasaka ndipo akaniambia. Kwamba Kukhu, mama yenu, alikuwa na cherehani ya mkono yenye kifuniko cha mbao. Kwamba alipolazwa hospitali alimwambia Mama, mbele ya nesi, "Hiyo ni yako, wewe ndiye unajua kuitumia." Kwamba baada ya mazishi, 1992, Mama alienda kuichukua, na wewe ukasimama mlangoni ukasema, "Mali ya boma hii haiolewi." Na nyuma yako alisimama Mama Mukhisa, mikono ameikunja, na kila mtu akajua ni nani aliyekutia maneno hayo mdomoni. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Niliambiwa tu kwamba Kibabii hatuendi tena.

Khocha, nakuuliza kwa heshima: hicho kitu cha kawaida ni cherehani ya Kukhu?

Nilimuuliza Mama kama nimwambie Shafi aache. Akasema, "Mimi sijui habari za mikoba ya watu. Lakini ngozi tupu kwa kilo kumi na sita itachanika kwenye mshono. Ashone turubai mara mbili, ngozi iwe ya chini na ya pembeni tu, ndani aweke blanketi. Na mkanda uzunguke tumbo lote la mkoba, usishike juu peke yake." Halafu akasema nisithubutu kuandika kwamba amesema. Basi sijaandika.

Joy


S.L.P. 418, Bungoma
14 Juni 2003

Kwa mpwa wangu Joy,

Barua yako ilifika. Mahindi yamefika magotini, na magoti yangu ndiyo yananisumbua.

Sielewi unazungumzia cherehani gani. Duniani kuna cherehani nyingi.

Ushauri wa turubai mara mbili ni mzuri. Mwambie Fundi Shafi aufuate, hata kama haujatoka kwa mtu yeyote. Nimefanya jaribio upande wangu. Nilifunga gunia la matofali ubavu wa kushoto nikaenda nalo mpaka kanisani. Kwenye kona Diisii ililala chini polepole, kwa adabu, kama ng'ombe aliyechoka, nami nikalala nayo. Mchungaji alitoka akaniuliza kama ninajenga au ninahama. Kwa hivyo sasa nakubali kwamba uzito wa kulia ni lazima. Nitatia karanga, ambazo pia ni zawadi nzuri kwa mtu yeyote nitakayekutana naye nikiangalia nchi.

Kuhusu marehemu Mama Mukhisa, nakuomba tusimseme. Hawezi kujibu. Nilikuwa nimeanza kukuandikia ukurasa mzima juu ya jambo hilo, lakini wino ulikwisha.

Ningependa mikoba iwe tayari kabla ya mwisho wa Julai. Bizimu ziwe za shaba, si za chuma, kwa sababu chuma hushika kutu. Rangi iwe ya udongo. Usalimie wote wa nyumba hiyo, bila kutaja salamu zimetoka wapi.

Khocha wako,
Levi Wepukhulu


Kitale
12 Julai 2003

Khocha mpendwa,

Huo wino wako una tabia nzuri, ulikwisha ukarudi aya iliyofuata.

Mikoba iko tayari. Anakuletea Kiplangat, dereva wa lori letu la mbegu, ambaye anashusha mzigo Bungoma Jumatano. Ukiiona utashangaa. Mzee Shafi alikata, na mkoba wa kulia ni wake wote. Lakini ule wa kushoto alipofika kwenye mshono wa pili, mtu fulani alipita dukani kwake "kununua nta ya uzi," akatazama, akasema, "Hapo unashona gunia," akauchukua akaenda nao nyumbani. Mzee Shafi anasema tangu 1961 hajawahi kufukuzwa kazini, na sasa amefukuzwa kutoka dukani mwake mwenyewe. Amekasirika, lakini amekuja mara mbili kuangalia mshono, na mara ya pili alileta chai.

Mama aliushona siku tisa. Sare za watoto zikingojea! Wazazi walikuwa wamesimama mlangoni, yeye amepiga magoti juu ya turubai anavuta uzi kwa meno. Nikamwambia, si umesema hujui habari za mikoba? Akasema, "Sijui. Ndiyo maana nachukua muda."

Bizimu ni za shaba. Rangi ni ya udongo. Salamu zako hazikutajwa zimetoka wapi, na zilipokewa na mtu aliyejifanya anatafuta makasi.

Safari njema ya kuangalia nchi, Khocha.

Joy


S.L.P. 418, Bungoma
21 Julai 2003

Joy,

Wazima hapa. Mvua ipo.

INCHI KUMI NA NANE! Niliandika kumi na tisa, kwa maneno kamili, na nakala ninayo. Mkoba ni mzuri, sijaona mshono kama huo, mwalimu mkuu wa hapa amekuja kuutazama na amemleta mkewe. Lakini ni inchi kumi na nane! Nimekiingiza kwa wima, kwa ubavu, na kwa maombi. Kishikio kinabaki nje na kifuniko hakifu... Yaani kitu hicho hakiingii.

Hebu muulizeni Fundi Shafi kama tepu yake pia ililiwa na panya.

L. Wepukhulu


Kitale
3 Agosti 2003

Khocha mpendwa,

Pole. Mzee Shafi ameapa kwamba alikata kumi na tisa, na amenionyesha alama ya chaki iliyobaki kwenye meza yake. Nikarudi kwa Mama.

"Mama, mkoba umetoka kumi na nane."

Hakuinua kichwa. "Basi mkono uliteleza."

Khocha, mkono wa Mama haujateleza tangu nizaliwe. Nikasimama hapo hapo mpaka akazima cherehani.

"Kaka yako anasema hakiingii," nikamwambia.

"Najua hakiingii. Nilishona kisiingie." Akakunja mikono yake juu ya kitambaa. "Miaka kumi na moja mdomo alikuwa nao. Sasa anataka mkoba useme kwa niaba yake. Atafika hapa, afungue bizimu za shaba, atoe kitu, aweke mezani, anywe chai, tuzungumze mahindi, aende. Na lile neno alilosema mlangoni libaki limesimama mlangoni. Hapana. Mwambie mkoba huo unatosha sukumawiki. Hicho kingine akilete kwa mikono yake, na mdomo aje nao."

Nimekuandikia kama alivyosema, na safari hii hakunikataza.

Kitu kingine, hakihusiani kabisa. Jumamosi tarehe 16 sitakuwa nyumbani. Munene ananipeleka Kachibora kuonyesha wakulima mbegu mpya. Mama atakuwa peke yake tangu asubuhi. Nakuarifu tu, vile mtu anaarifu watu wake.

Joy


S.L.P. 418, Bungoma
20 Agosti 2003

Kwa mpwa wangu Joy,

Natumaini ulirudi salama kutoka Kachibora na wakulima walikusikiliza. Mimi hawakunisikiliza miaka ishirini na minane, lakini wewe ni kijana.

Najua mama yako hajakuambia kilichotokea Jumamosi, kwa hivyo nakuambia mimi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Niliondoka saa moja asubuhi. Cherehani niliifunika blanketi nikaifunga juu ya keria, nyuma yangu, kwa mipira ya baiskeli. Ndiyo, ni cherehani. Mkoba wa kushoto ulikuwa na sukumawiki, kama nilivyoelekezwa, na wa kulia karanga. Nilikuwa nimetunga hotuba. Nilipopita Chwele ilikuwa hotuba nzuri, yenye utangulizi na mstari wa Biblia. Kufika Kimilili nilikuwa nimeondoa utangulizi. Kamukuywa mstari ukanipotea. Kiminini mvua ikanishika, nikasimama kwenye baraza la duka la vyuma, nikavua koti nikaifunika cherehani, mimi nikabaki na shati. Watu wakakusanyika kuitazama Diisii. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hii ni ya vita ya kwanza ama ya pili?" Nikamwambia ni ya vita vya nyumbani. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nilifika kwenu kama saa tano. Nikaifungua cherehani, nikaibeba kifuani, nikabisha mlango kwa kiatu kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Mama yako akafungua. Nilikuwa sijamwona kwa karibu tangu 1992. Ameota mvi hapa juu ya masikio kama mama yetu. Nilitaka kuingia. Hakusogea.

"Umebeba nini?" akaniuliza.

"Cherehani ya mama."

"Ni ya nani?"

"Ni yako, Sellah."

"Mara ya mwisho ulisemaje? Nikumbushe."

Joy, kitu hicho kina kilo kumi na sita, na mimi nina miaka sitini na mitano. Nikasema, "Nilisema mali ya boma hii haiolewi."

"Na sasa?"

"Sasa mikono inauma."

"Mikono ikiuma si jibu."

Hapo hotuba yote ikaisha, na kilichobaki ndicho kile nilichokuwa nimeandika kwenye ule ukurasa nikauchoma. Nikamwambia, "Nilikosa. Nilikuwa naogopa watu waseme dada yangu ameondoka na vyombo vya mama mimi nikitazama. Ni hilo tu. Hakukuwa na sababu kubwa."

Akasema, "Ulitumwa na mkeo. Nilimwona nyuma yako."

"Hakunituma."

"Alikuwa amekunja mikono!"

"Alikuwa amenikasirikia mimi. Asubuhi ile jikoni aliniambia, 'Mpe dada yako kitu chake.' Nikamwambia anyamaze. Akaniambia tena mwaka uliofuata. Akaniambia tena alipokuwa mgonjwa. Mimi ndiye nilikataa, Sellah, mara zote."

Mama yako akaniuliza polepole sana, "Na uliacha tumchukie?"

Nikasema, "Ndiyo. Ilikuwa rahisi kwangu."

Akaipokea cherehani mikononi mwangu. Sidhani ni kwa sababu alinisamehe. Nadhani aliona nitaiangusha. Akaiweka mezani, akaketi, akaweka kiganja juu ya kifuniko, hakukifungua. Nilisimama hapo mlangoni na shati limelowa. Akasema, "Nenda nyumbani, Levi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayehitaji chumba chake.

Nikaacha karanga na sukumawiki kwenye kizingiti nikaondoka. Njia nzima mikoba ilikuwa mitupu ikipigapiga ubavuni.

Sijui nimefanya nini. Nilifikiri nampelekea kitu. Naona kama nimemnyang'anya kingine: kwa miaka kumi na moja alikuwa na mtu wa kumlaumu asiyekuwa ndugu yake. Niandikie hali yake.

Khocha wako,
Levi


Kitale
14 Septemba 2003

Kwa kaka yangu Levi,

Salamu. Naandika mwenyewe, kwa hivyo vumilia mwandiko. Joy ni mzima, anataka kuisoma hii na hataisoma. Sare za muhula wa tatu nimemaliza. Karanga zako zilikuwa nzuri, ingawa nusu zilikuwa zimelowa. Nyingine tulimpelekea Mzee Shafi ili arudi kuongea na mimi.

Mikoba usiirudishe kurekebishwa. Inchi kumi na nane inatosha shati la kubadilisha na sabuni, kama mtu anakwenda mahali kulala siku moja.

Cherehani sikuigusa wiki tatu. Jumatano nikaifungua. Nilitegemea kukuta kutu. Levi, iko na mafuta. Sindano ni mpya. Wewe hujui hata sindano inaingia upande gani. Kwenye kisanduku cha pembeni nilikuta pakiti ya sindano nyingine imefungwa kwa karatasi ya kalenda ya mwaka 1999, na kitambaa cha kufutia, kimefuliwa na kukunjwa mara nne. Miaka hiyo yote aliyekuwa akiitunza ni mtu ambaye sikutaka hata kusikia akitajwa.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia Joy. Nilikuja kwenye mazishi ya mkeo. Nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai la watu wa mbali, nikaondoka kabla jeneza halijashushwa. Watu walisema Sellah ana moyo, amekuja licha ya yote. Sikuwa na moyo wowote. Nilikuja kuhakikisha kwamba kweli amekufa.

Sijakusamehe. Nakuambia mapema ili usijitayarishe. Msamaha ukifika, nitakuambia, na usipofika utaona. Hilo la mlangoni naweza kulibeba, nimelizoea. Hili jingine ni jipya, na sijui nilishike wapi.

Kwa hivyo nataka unieleze. Aliugua nini? Ilianza lini? Nani alikuwa akimwosha alipokuwa hawezi? Alipokuambia mara ya mwisho unipe kitu changu, alisema kwa maneno gani hasa, na wewe ulimjibu nini? Aliniulizia? Andika yote, hata ambayo hayapendezi kwako, na hasa hayo. Usimwandikie Joy. Niandikie mimi.

Mimi nilicho nacho ni kidogo. Nakumbuka alikuwa akichambua mboga huku akiimba, na akikosea maneno ya wimbo alikuwa akiweka yake na kuendelea. Nakumbuka alipoolewa hapo nyumbani alinipa kitambaa chake cha kichwa cha kijani kwa sababu nilikuwa nakitazama. Zaidi ya hayo sina, kwa sababu niliyatupa yote.

Dada yako,
Sellah Nabwile